Ardhi Iliyotiwa Sumu Yahitaji Matabibu Wake

Mwalimu yeyote aliyewahi kuwauliza wanafunzi wake wangependa kufanya kazi gani watakapokuwa watu wazima anaijua orodha ya majibu hata kabla hayajatolewa: udaktari, uwakili, urubani, uhandisi, uhasibu, na siku hizi utaalamu wa kompyuta. Hilo si la kustaajabisha. Mtoto hutamani kazi aliyoiona ikifanywa au aliyoisikia ikitajwa, na kazi isiyo na jina katika lugha ya mazungumzo yake huwa kwake sawa na kazi isiyokuwepo. Katika makala haya nanuia kuizungumzia kazi mojawapo ya namna hiyo, nayo ni kazi ya kuitibu ardhi iliyotiwa sumu na kuyahuisha maeneo ambayo viwanda na migodi viliyatumia kisha vikayaacha. Dai langu ni kwamba nchi yetu inaihitaji kazi hii sasa. Kwamba ni kazi ya watu wa fani nyingi, wala si ya wanakemia pekee. Na kwamba mahali pa kuianzia ni darasani.

Tuanze na ushahidi ulio karibu. Huko Mombasa, upande wa Mikindani, kuna kijiji kiitwacho Owino Uhuru, chenye wakazi wapatao 3,000. Kati ya mwaka wa 2007 na 2014 kiwanda kimoja kilichopakana na kijiji hicho kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi na vumbi vilitua juu ya mapaa na nyuani, na maji machafu yakapenya vichochoroni ambamo watoto walicheza. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini, akaanzisha harakati ambazo zilimfanya atunukiwe Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Wakazi walikwenda mahakamani. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaamuru pia kwamba udongo na maji ya mahali hapo yasafishwe katika muda wa miezi minne. Kesi ikapanda ngazi. Mahakama ya Rufani iliitangua fidia hiyo mwaka wa 2023, nayo Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Wengi walioifuata kesi hiyo waliyatazama mabilioni. Mimi nawaomba wasomaji waitazame ile amri ya kusafisha. Hukumu ya jaji ina nguvu ya sheria, lakini haina koleo. Ili udongo wa kijiji kizima usafishwe, sharti awepo mtu wa kuuchoronga na kuchukua sampuli; awepo wa kuzipima; awepo wa kuamua uchimbwe kwenda chini kiasi gani, uondolewe au ufunikwe, na ukiondolewa upelekwe wapi pasipo kuihamishia sumu jamii nyingine. Awepo pia wa kumketisha mama wa watoto wanne na kumweleza kwa lugha aielewayo ni kwa nini mwanawe asicheze pale alipocheza jana. Hukumu huandikwa kwa majuma machache. Mtu wa kuitekeleza huandaliwa kwa miaka.

Hapa mwanaisimu hana budi kusema neno, kwa maana Kiswahili chenyewe kimelitegea jambo hili mtego. Tunalo jina moja, risasi, ambalo lina maana mbili: kile kinachotoka mtutuni mwa bunduki, na yale madini laini ya rangi ya kijivu ambayo zamani ndiyo yaliyotumiwa kukitengenezea. Msikilizaji wa kawaida akiambiwa kwamba mwanawe ana risasi mwilini, fikira yake ya kwanza huenda kwenye bunduki. Akiambiwa kwamba uwanja wake una risasi, atainama atafute vipande vya chuma. Asipoviona atastarehe. Ilhali risasi hii haina mlio wala jeraha. Huingia pamoja na vumbi lililogandamana na vidole vya mtoto, na kwa sababu mwili huidhania kuwa ni kalisi, huihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Mwanamke aliyeimeza utotoni huweza kumrithisha mwanawe aliye tumboni, mifupa yake inapotoa kalisi ya kumjenga mtoto huyo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza. Athari yake kuu ni katika ubongo: umakini hupungua, kumbukumbu hudhoofika, akili ya kujifunza hushuka, hasira huwa za karibu. Walimu wenzangu, tafakarini maana ya maneno hayo. Mtoto huyo hafiki hospitalini kwanza, hufika darasani. Huketi dawati la nyuma, huitwa mzito au mtundu, huadhibiwa, hurudia darasa, na hatimaye hutoweka shuleni pasipo mtu kuuliza nyumba yao ilijengwa juu ya nini. Mwaka wa 2007, ripoti iliyotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ilieleza jinsi watoto 328 waliokuwa wakiishi au kusoma karibu na jaa la Dandora, Nairobi, walivyopimwa, na nusu yao wakapatikana na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati ule. Watoto hao walikuwa na walimu. Kwa hivyo jambo hili ni letu.

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Wataalamu wake huanza na kanuni nyepesi inayoweza kufundishwa hata katika shule ya msingi. Ili sumu imdhuru mtu, sharti mambo matatu yaungane kama pete za mnyororo: chanzo, njia, na mpokeaji. Chanzo ni ile sumu iliyomo ardhini. Njia ni vumbi, maji ya kisima, mboga zilizopandwa pale, au mkono wa mtoto uendao kinywani. Mpokeaji ni mtu, mnyama au mto. Ukikata pete moja, mnyororo hukatika. Waweza kuiondoa sumu, waweza kuiziba njia, au waweza kumhamisha mpokeaji. Uamuzi wa pete ipi ikatwe, kwa gharama gani na kwa haki ya nani, ndio kiini cha taaluma nzima.

Anayetangulia si mwanakemia bali mpekuzi wa historia. Huchakura ramani za zamani, leseni za biashara na picha zilizopigwa kutoka angani, kisha huwaendea wazee wa mtaa awaulize: hapa palikuwa na nini kabla ya ukuta huu? Karakana? Kiwanda cha ngozi? Kituo cha petroli chenye matangi yaliyozikwa? Josho la ng'ombe la zama za ukoloni, wakati ambapo aseniki ilikuwa miongoni mwa dawa za kuulia kupe? Majibu yake humwelekeza mwanajiolojia mahali pa kuchoronga, naye husoma tabaka za udongo na kina cha maji yaliyo chini, kwa kuwa petroli husafiri na maji hayo ilhali risasi aghalabu hubaki karibu na uso wa ardhi. Siku hizi kipo kifaa cha mkononi kitumiacho miale ya eksirei kutambua madini yaliyomo udongoni kwa dakika chache, lakini jibu la kutegemewa mahakamani bado hutoka maabarani.

Hapo ndipo mwanakemia anaposhika zamu, na baada yake mtaalamu wa sumu na afya ya jamii, ambaye kazi yake ni kuzitia maana tarakimu. Kiasi gani ni kingi mno? Swali hili halina jibu la milele. Nchini Marekani, kipimo cha damu ya mtoto kilichohesabiwa kuwa cha kutia wasiwasi kilikuwa mikrogramu 10 kwa desilita; mwaka wa 2012 kikashushwa hadi 5, na mwaka wa 2021 hadi 3.5. Januari 2024 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilikishusha pia kiwango cha risasi katika udongo wa makazi kinachofaa kuanzisha uchunguzi wa kina, kutoka miligramu 400 kwa kila kilo hadi 200. Udongo haukubadilika, wala damu haikubadilika. Kilichobadilika ni ujuzi wa binadamu pamoja na uvumilivu wake. Kijana atakayeingia katika kazi hii yampasa ajue tangu mwanzo kwamba atakuwa mwanafunzi hadi siku ya kustaafu.

Kisha huja mhandisi na mfuko wake wa mbinu. Udongo waweza kuchimbwa na kuzikwa katika shimo maalumu lililotandikwa ili lisivujishe. Waweza kufunikwa kwa tabaka la udongo safi. Waweza kuoshwa kwa mashine zinazotenganisha mchanga, ambao kwa kawaida hushika sumu kidogo, na chembe laini za mfinyanzi ambazo ndizo huing'ang'ania. Udongo wenye risasi waweza kuchanganywa na fosfeti ili madini hayo yafungwe katika umbo lisiloyeyuka upesi tumboni mwa mtoto. Palipomwagika mafuta, vijidudu vya asili vyaweza kuongezewa hewa na mbolea vikayala mafuta hayo hadi yakaisha. Lakini hakuna kijidudu kinachoweza kuila risasi ikaisha, kwa maana ni elementi. Inaweza kuhamishwa au kufungwa, haiwezi kuangamizwa. Mwanafunzi wa kidato aliyeuliza elementi na kampaundi vina faida gani maishani amepata jibu lake.

Hata hivyo, wataalamu hao wote wakimaliza, bado kazi haijakamilika. Wakili huhitajika kubainisha nani alipe. Mpangaji wa miji huamua pale palipotibiwa pajengwe shule, ghala au bustani, kwani ardhi inayofaa kwa ghala huenda isifae kwa watoto. Mthamini hukadiria bei yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena yupo mmoja ambaye orodha nyingi humsahau, naye ni mtu wa lugha. Wageni hutofautisha kwa maneno mawili kitu chenye uwezo wa kudhuru na uwezekano wa kitu hicho kumdhuru mtu fulani mahali fulani. Sisi twaitumia hatari kwa yote mawili. Matokeo yake ni kwamba mtaalamu akisema pana hatari, wakazi wengine watakimbia hata pasipo sababu, na akisema hatari ni ndogo, wengine watadhani hakuna sumu kabisa. Vivyo hivyo, twaita uchafu kila kitu kisichopendeza, kutoka ganda la ndizi hadi asidi ya betri. Lakini uchafu huonekana na hufagiliwa, ilhali sumu huweza kukaa katika uwanja uliofagiliwa ukang'ara. Tena huko kufagia pasipo kunyunyiza maji ndiko huirusha vumbini ikavutwa mapafuni. Mtu atakayeyaeleza mambo haya kwa Kiswahili sanifu, kwa Kimijikenda au kwa Dholuo, bila kuogofya wala kubembeleza, anaokoa maisha sawasawa na yule mwenye mashine ya kuchoronga.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni maneno ya nadharia, na kwamba ardhi ikishaharibiwa imeharibika. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hapa hapa pwani, huko Bamburi, kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka wa 1954 kilichimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki jangwa jeupe lenye chumvi, lisiloota hata jani. Mwaka wa 1971 Dkt. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo hayo. Aina 26 zilijaribiwa. Tatu tu zilistahimili, na bora kati yake ukawa mvinje, ambao mizizi yake hushirikiana na bakteria kujitengenezea mbolea ya naitrojeni. Lakini majani ya mvinje yaliyoanguka yalikataa kuoza. Haller aliwaleta majongoo, wale wale wenye miguu myekundu tunaowaruka njiani, nao wakayatafuna majani na kuyageuza udongo. Mwaka wa 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa umma, na sasa panaitwa Haller Park. Wanafunzi wengi wa shule zetu wamekwenda huko kumtazama kiboko na twiga. Ni wangapi walioambiwa kwamba ajabu kuu ya mahali hapo ni ule udongo ulio chini ya viatu vyao?

Ni kweli kwamba Bamburi ilikuwa ardhi iliyochunwa ngozi, wala si ardhi iliyonyweshwa sumu. Mfano wa hiyo ya pili twaupata London. Bonde la Lea, huko Stratford mashariki ya jiji hilo, lilikuwa kwa zaidi ya karne moja makao ya viwanda, karakana na majaa. Uingereza ilipopewa Michezo ya Olimpiki ya 2012, eneo lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo mbili na nusu lilibidi kutibiwa. Majengo zaidi ya 200 yalibomolewa, na udongo wa zaidi ya mita milioni moja za ujazo ukatibiwa papo hapo, mwingi wake ukirudishwa kutumika badala ya kusombwa na malori na kumwagwa kwingineko. Mahali palipokuwa na mashine hizo za kuosha udongo palipewa jina la hospitali ya udongo. Walimwengu waliwatazama wanariadha wetu wakikimbia pale. Wachache walijua kwamba kabla ya mwanariadha wa kwanza kuvaa viatu, maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kufanya kazi chini ya uwanja huo.

Swali linalonikabili sasa ni lile la mzazi mwenye busara: kazi zenyewe ziko wapi? Ni swali la haki, na jibu lake lapatikana katika historia. Katika mji wa Niagara Falls, Marekani, kampuni moja ya kemikali ilizika tani zipatazo 20,000 za taka zenye sumu katika mfereji uitwao Love Canal kati ya mwaka wa 1942 na 1953. Kisha ikaikabidhi ardhi hiyo kwa bodi ya elimu ya mji kwa bei ya dola moja. Shule ya msingi ikajengwa papo hapo, na nyumba kuizunguka. Miaka ya sabini sumu ilianza kupenya katika vyumba vya chini vya nyumba na katika viwanja. Akina mama, wakiongozwa na Bi Lois Gibbs, ambaye hakuwa mwanasayansi, walihesabu wagonjwa nyumba kwa nyumba, na mwaka wa 1978 Rais Jimmy Carter akatangaza hali ya dharura. Mwaka wa 1980 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwashurutisha wachafuzi kulipia usafishaji, na kuanzisha hazina ya kuyatibu maeneo ambayo wachafuzi wake hawapatikani. Kabla ya sheria hiyo, taaluma ninayoizungumzia ilikuwa haijulikani vyema hata huko. Baada yake, makampuni, maabara na idara za vyuo vikuu zilichipuka kama uyoga baada ya mvua. Kazi hazikuitangulia sheria. Sheria ndiyo iliyozizaa kazi.

Kenya nayo haina upungufu wa sheria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka wa 1999 imeikubali kanuni kwamba mchafuzi hulipa, na inairuhusu mamlaka ya mazingira, NEMA, kutoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Wala hatuna upungufu wa maradhi. Mbali na Owino Uhuru na Dandora, mwaka wa 2015 mafuta yalivuja kutoka katika bomba na kuuharibu mto Thange huko Makueni. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Migori na Kakamega wametumia zebaki kwa mikono mitupu. Kila mji una vituo vya petroli vilivyofungwa na karakana zilizomwaga oili nyeusi mchangani kwa miongo kadhaa. Kinachopungua ni kiungo kati ya sheria na maradhi, nacho ni watu wenye ujuzi wa kutosha. Na pale ambapo mtaalamu wa nyumbani hayupo, amri ya mahakama hungoja, au fedha zake humwendea mgeni.

Sitaki kumdanganya kijana kwamba mlango umeachwa wazi kabisa. Ajira katika fani hii nchini bado ni chache, na mara nyingi aliyeisomea huanza katika kutathmini athari za miradi kwa mazingira, katika maji na mazingira ya kaunti, au katika kampuni za ujenzi na mafuta. Kazi yenyewe ina hatari zake: huvaliwa barakoa na glavu katika joto la Changamwe, na anayeshughulika na risasi sharti damu yake mwenyewe ipimwe mara kwa mara ili asiipeleke sumu kwa wanawe katika mavazi. Yahitaji pia uti wa mgongo, kwani itakuwepo siku ambapo mwenye ardhi atataka ripoti iandikwe kwamba pako shwari ilhali tarakimu zasema vingine. Mtaalamu atakayetia sahihi siku hiyo atakuwa amejenga shule yake ya Love Canal.

Kuhusu njia za kuiingia, mwanafunzi asidhani kwamba lazima aitafute shahada yenye jina hilo. Jiolojia, kemia, uhandisi wa ujenzi na wa mazingira, sayansi ya udongo, afya ya umma, sheria na upangaji wa miji vyote hufundishwa katika vyuo vikuu vyetu vya umma. Na vyuo vya kiufundi huwafunza mafundi wa maabara na wapima ardhi, ambao pasipo wao hakuna sampuli wala ramani. Linalotakiwa ni kuichagua fani moja na kuijua barabara, kisha kujifunza lugha ya fani jirani. Nalisisitiza hili kwa sababu mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi wa sekondari ya juu achague mkondo mmoja kati ya mitatu. Uchaguzi huo una manufaa yake, lakini usiwe ukuta. Mwenye kemia asiyeweza kuandika aya moja inayoeleweka na wakazi atashindwa, na mwenye sayansi za jamii asiyejua tofauti ya miligramu na mikrogramu atapotosha umma kwa makosa ya mara elfu moja.

Niliianza hoja yangu kwa kudai kwamba kazi isiyo na jina huwa sawa na kazi isiyokuwepo. Basi na tuipe jina. Hatuhitaji kwenda kuazima mbali. Kiswahili kina neno mahame, yaani mahali palipokaliwa kisha pakahamwa, na waandishi wa kale wa pwani waliyajua vyema mahame ya miji iliyoachwa. Kiwanda kilichofungwa na kuacha nyuma mashimo, matangi na udongo uliolewa sumu ni mahame ya viwanda. Kazi ya kuyarudishia uhai tuiite uhuishaji wa mahame. Na kwa ile kazi ya kuondoa au kufunga sumu, kitenzi tunacho tangu zamani: kutibu. Ardhi huugua, hupimwa, hutibiwa, na hufuatiliwa baada ya tiba kama mgonjwa yeyote. Mwalimu wa Kiswahili anayeyatumia maneno haya katika ufahamu na insha atakuwa amefanya kazi ambayo mwalimu wa kemia hawezi kuifanya peke yake.

Kwa walimu wengine nina pendekezo moja lisilogharimu kitu. Muhula huu, liulizeni darasa: palikuwa na nini mahali hapa kabla ya shule yetu, na pana nini mita mia tano kuizunguka? Wanafunzi wasichimbe wala kugusa chochote. Wawaulize wazee, wachore ramani, waandike. Wa historia wataleta miaka, wa jiografia watafuata mkondo wa maji, wa sayansi watataja sumu inayotokana na kila biashara, na wa lugha watayaandika yote kwa namna ambayo chifu na mwakilishi wa wadi wataielewa. Shule nyingi zitagundua kwamba hapana la kutisha, na hiyo ni habari njema inayostahili kujulikana. Chache zitagundua jambo ambalo lapasa kufikishwa kwa afisa wa mazingira wa kaunti siku hiyo hiyo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ardhi yetu haina ulimi wa kusema inakoumwa. Husema kwa damu ya watoto, na watoto hao tunao mbele yetu kila asubuhi. Tukiwafundisha baadhi yao kuisikiza, baada ya miaka kumi jaji atakapoamuru udongo usafishwe katika miezi minne, atakuwepo wa kuitika.